Sampuli achukue nani: wafanyakazi wako au kampuni ya nje?

Ndugu zetu walioko Marekani wanaotaka kununua biashara ya vipimo vya maabara huanza kwa kuuliza bei: duka ni dola ngapi, mrabaha (fungu la mauzo linalokwenda kwa kampuni mama) ni asilimia ngapi. Ni maswali ya haki. Lakini lipo jingine ambalo wengi hukutana nalo wakiwa wameshasaini, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama duka litasimama: sampuli itachukuliwa na nani?

Mfumo wenyewe si mgeni. Any Lab Test Now ilianzia Atlanta mwaka 1992. ARCpoint Labs ilianzia Greenville, South Carolina, mwaka 1998. Fastest Labs wako San Antonio, Texas. Zote huuzwa kwa fransaizi: unalipia haki ya kutumia jina na utaratibu wa kampuni mama, unapanga chumba kwenye safu ya maduka, unaweka kiti cha kutolea damu, choo kilichoandaliwa kwa ajili ya mkojo, na kompyuta. Mteja anakuja kupima sukari, homoni, dawa za kulevya au DNA ya mtoto. Ukiacha vipimo vya papo hapo, vile vya kikombe kinachoonyesha jibu chenyewe, duka kwa kawaida halipimi chochote. Linachukua sampuli, linaifunga, linaipeleka kwenye maabara kubwa kama Quest Diagnostics au Labcorp, kisha linasubiri majibu. Kwa hiyo bidhaa unayoiuza ni uchukuaji wa sampuli uliofanywa sawasawa, na ukimkabidhi mtu wa nje kazi hiyo, umemkabidhi moyo wa biashara.

Hata hivyo hakuna duka linaloweza kufanya yote peke yake. Kampuni ya malori itakuletea mkataba huku madereva wake wametawanyika majimbo manne. Kiwanda kitapiga simu saa 8 usiku kwamba mtu wa forklifti ameangusha mzigo. Bibi asiyeweza kutoka kitandani anahitaji kutolewa damu nyumbani. Hapo unachagua kati ya njia tatu. Ya kwanza ni wafanyakazi wako mwenyewe, dukani au kwa gari lako. Ya pili ni kampuni inayotembea: wewe unapokea oda, wao wanamtuma mtu kwa mteja kwa niaba yako. Ya tatu ni kituo cha watu wengine katika mji mwingine, kama zahanati za Concentra au vituo vya Quest na Labcorp, ambako mteja wako anakwenda na oda uliyomtumia.

Kwa anayetaka kuziona kwa haraka zikiwa pamoja:

| Jambo | Wafanyakazi wako | Kampuni inayotembea | Kituo cha wengine |
|---|---|---|---|
| Gharama | Mshahara hata siku isiyo na mteja | Unalipa kwa safari | Unalipa kwa sampuli, au inaingia kwenye bei ya maabara |
| Usiku na ajali | Vigumu, labda uwe na zamu | Hapa ndipo nguvu yao | Vingi hufungwa jioni |
| Unamjua mchukuaji? | Ndiyo | Mara nyingi hapana | Hapana |
| Mteja wa mbali | Hapana | Inategemea wanakofika | Ndiyo |
| Hatari ya kunyang'anywa mteja | Ndogo | Kubwa | Kubwa zaidi kwenye zahanati zinazouza huduma hiyohiyo |

Jedwali hili linasaidia, lakini linadanganya kwa kitu kimoja: linafanya ionekane kana kwamba unachagua njia moja kwa duka zima. Sivyo. Unachagua kwa kila aina ya kipimo, kwa sababu kila kipimo kina sheria zake za nani aguse sampuli na kwa namna gani.

Dereva wa lori

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko kwenye fedha nyingi na ndiko wenye maduka wengi huumia.

Kipimo cha dereva wa magari makubwa huongozwa na kanuni za Wizara ya Usafiri ya Marekani ambazo watu wa kazi hii huziita Part 40. Kanuni hizo hazijali kama uko kwenye duka lenye vigae vinavyong'aa au kwenye ofisi ya yadi ya malori. Zinajali hatua. Dereva anaonyesha kitambulisho chenye picha, anatoa vitu mifukoni, ananawa mikono. Maji ya chooni yametiwa rangi ya buluu ili asiyachote. Mkojo usipungue mililita 45. Akishakupa kikombe, una dakika 4 tu za kusoma kipimajoto kilichobandikwa ubavuni, na joto liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Mbele ya macho yake unamimina mililita 30 kwenye chupa ya kwanza na 15 kwenye ya pili, unabandika lakiri, unaandika tarehe, naye anatia herufi za kwanza za majina yake. Kisha fomu yenye nakala 5: moja inasafiri na sampuli, moja ya daktari mhakiki anayepitia majibu ya maabara, moja ya mchukuaji, moja ya mwajiri, moja ya dereva.

Yapo makosa yanayokiua kipimo moja kwa moja. Namba ya kwenye chupa haifanani na ya kwenye fomu. Fomu haina jina wala saini ya mchukuaji. Lakiri imevunjika. Mkojo uliofika hautoshi. Ukiyatazama, karibu yote ni ya mkono wa aliyechukua. Kipimo cha kuanza kazi kikifutwa, dereva hawezi kukaa nyuma ya usukani mpaka apimwe upya, mwajiri anapoteza siku, na simu anakupigia wewe ambaye jina lako liko kwenye ankara. Mwajiri naye hana pa kukimbilia: kanuni zinasema wazi kwamba anabaki na wajibu hata pale alipotumia wakala.

Mchukuaji wa mkojo wa Wizara ya Usafiri lazima awe amesoma, kisha aonyeshe mazoezi 5 mfululizo bila kosa mbele ya msimamizi, yakiwemo ya mkojo pungufu, joto lisilo sahihi na mtu anayekataa kusaini. Anarudia mafunzo kila baada ya miaka 5. Akisababisha kipimo kufutwa kwa kosa lake, ana siku 30 za kufundishwa upya juu ya kosa hilo. Kwa mfanyakazi wako, karatasi hizo ziko kwenye droo yako. Kwa kampuni inayotembea, unaweza kuletewa jina la mchukuaji saa moja kabla ya kazi. Ushahidi wa mafunzo uombe kabla ya siku ya kazi, na uombe wa mtu huyo hasa, siyo barua ya kampuni inayosema "watu wetu wote wamehitimu".

Kuna mambo mawili yanayowashinda wachukuaji wa peke yao usiku. La kwanza: joto likitoka nje ya kiwango, sampuli ya pili inachukuliwa palepale chini ya uangalizi wa moja kwa moja, na mwangalizi lazima awe wa jinsia moja na anayepimwa. Kampuni ikituma mwanamume mmoja kwa dereva mwanamke na yadi nzima hakuna mwanamke, kazi imekwama. La pili ni dereva asiyeweza kukojoa. Anapewa muda usiozidi saa 3, na maji yasiyozidi takriban lita 1.2 yakigawanywa ndani ya muda huo. Mchukuaji anayelipwa kwa safari, na mwenye miadi nyingine mji wa pili, ana kishawishi kikubwa cha kufunga begi mapema. Mlipe kusubiri. Liandikwe kwenye mkataba kwamba saa za kusubiri zinalipwa, la sivyo hasara ya kazi iliyoachwa njiani ni yako.

Hata hivyo, kwenye ajali sioni njia bora kuliko kampuni ya nje. Baada ya ajali inayotakiwa kupimwa, kipimo cha pombe kifanyike ndani ya saa 2. Kikichelewa, mwajiri aandike sababu, na zikipita saa 8 jitihada zinakoma. Cha dawa za kulevya kikomo ni saa 32. Duka lako la Columbus, Ohio, haliwezi kumfikisha mtu kwenye barabara kuu ya Nebraska ndani ya saa 2. Kampuni yenye watu kule inaweza. Ila uliza mapema: je, mtu wao anayo mashine ya kupima pombe kwenye pumzi iliyoidhinishwa na amefuzu kuitumia? Wengi wanaojiita wachukuaji wamebeba vikombe vya mkojo tu, na kwenye ajali hiyo ni nusu ya kazi.

Vipimo vya kushtukiza ni hadithi nyingine kabisa. Tangu mwaka 2020 kiwango cha vipimo hivyo vya dawa za kulevya kwa madereva ni asilimia 50 ya nafasi zao kwa mwaka, kwa hiyo kampuni yenye madereva 40 inakupa vipimo 20 hata kabla hajaajiriwa mtu mpya. Kazi hiyo inapangika. Nenda yadini na mtu wako, madereva wamzoee, meneja amjue kwa jina. Kumpa mtu wa nje vipimo vya kushtukiza ni kumfungulia mlango wa mteja wako bora.

Hesabu isiyoonekana kwenye ankara

Tuseme unamtoza mteja dola 120 kwa kufuatwa ofisini kwake. Kampuni inayotembea inachukua 60, maabara na daktari mhakiki 30. Unaona umebaki na 30. Lakini mrabaha kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo ghafi, siyo kwenye kilichobaki mkononi. Ukiwa asilimia 7, ni dola 8.40. Mchango wa matangazo ukiwa asilimia 2, ni dola 2.40 nyingine. Zimebaki 19.20, na bado hujalipa pango wala muda wa kumtafuta mchukuaji aliyechelewa. Wekeni tarakimu za mikataba yenu, ila mpangilio wa makato ni huo: kampuni mama inakata kwenye fedha ambazo sehemu kubwa yake zilipita tu mikononi mwako.

Kwa mfanyakazi wa kuajiriwa hesabu inageuka. Safari ya kwanza ya siku ni ghali mno, ya tano karibu ni bure. Duka lisilo na safari za kutosha kumshughulisha mtu litumie kampuni ya nje bila aibu, huku likihesabu safari zake kila mwezi. Wenye maduka wengi huzoea kulipa nje na hawarudi tena kukokotoa.

Damu

Kwenye damu mimi nina maoni tofauti na ya mkojo: mtu wa nje aliyekaa miaka wodini mara nyingi ni bora kuliko kijana uliyemfundisha wewe juzi. Mishipa ya mzee wa miaka 80 haitaki mazoezi. Cha kuangalia ni kinachotokea baada ya sindano kutoka.

Chupa yenye kifuniko cha dhahabu huachwa kama nusu saa damu igande, kisha huzungushwa kwenye mashine ili majimaji yatengane na chembe, na hilo lifanyike ndani ya saa 2 tangu kutolewa. Ikikaa kwenye begi wakati mchukuaji anazunguka nyumba nne, chembe zinaendelea kula sukari na kuvujisha potasiamu. Mteja anaambiwa potasiamu yake iko juu, anakimbizwa hospitali, kumbe tatizo lilikuwa foleni ya barabarani. Vilevile mpangilio wa chupa: ya buluu hutangulia, ya dhahabu hufuata, ya zambarau baadaye, kwa sababu dawa iliyomo kwenye ya zambarau ina potasiamu na ikirudi kwenye ya dhahabu inaharibu jibu. Muulize mtu wa kampuni ya nje mambo haya mawili, mashine ya kuzungushia iko wapi na mpangilio wa chupa ukoje. Anayejua atakujibu kabla hujamaliza swali.

Leseni nayo hutofautiana. California, Louisiana, Nevada na Washington zinadai mtoa damu awe na kibali cha jimbo. Majimbo mengi hayadai, lakini maabara au bima yako inaweza kudai.

DNA ya uhamiaji

Kipimo hiki kinawagusa ndugu zetu moja kwa moja: mama aliyeko Texas anaomba watoto wake walioko Nairobi au Kampala wamfuate, vyeti vya kuzaliwa vilipotea vitani, na maofisa wanapendekeza DNA. Maabara lazima iwe imeidhinishwa na AABB, shirika linaloidhinisha maabara za vipimo hivi. Sampuli ya mama huchukuliwa Marekani kwa kijiti cha pamba ndani ya mashavu, mbele ya mtu asiye na uhusiano wala maslahi na familia, aliyekagua kitambulisho. Ya watoto huchukuliwa kwa utaratibu wa ubalozi wa Marekani: maabara inatuma vifaa moja kwa moja kule, ubalozi unapanga miadi, na sampuli inarudi maabara bila kupita mikononi mwa mwanafamilia wala mtu wa kati. Majibu nayo huenda moja kwa moja kwa mamlaka inayoshughulikia kesi.

Kwa hiyo upande wa Marekani unaweza kuchagua kati ya duka lako na kituo kingine kilichopangwa na maabara. Upande wa kule hakuna cha kuchagua. Kampuni yoyote inayokuambia ina mwakilishi atakayepita nyumbani kwa watoto na vijiti inakuuzia kipimo ambacho kwa kesi hiyo hakina thamani. Familia nyingi huchanga fedha za kipimo hiki kwa taabu, na kesi ikirudi nyuma miezi kadhaa, mtoto aliyekuwa karibu kufika umri wa kuhesabiwa mtu mzima anaweza kuingia katika hatari ya kupoteza nafasi. Ningekuwa na duka, kipimo hiki ningekichukua mwenyewe, taratibu, huku nikimweleza mama kila karatasi kwa Kiswahili, na nisingempa mtu wa nje hata siku moja.

Mnavyolipana

Ushirikiano mwingi huharibikia kwenye kifungu cha malipo. Kampuni ya nje inakuletea wateja, wewe unailipa kiasi fulani kwa kila kichwa. Au maabara inakulipa wewe kwa kila sampuli. Inaonekana ni kamisheni ya kawaida. Lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 2018 inayoitwa EKRA inakataza kulipa au kulipwa ili kupeleka wagonjwa maabara, nayo haikuishia kwenye bima za serikali, inagusa na za binafsi. Adhabu hufika kifungo cha miaka 10 na faini ya dola 200,000. Kabla ya hapo, Juni 2014, wakaguzi wa Wizara ya Afya ya Marekani walishatoa tahadhari kuhusu malipo ambayo maabara huwapa madaktari kwa jina la "kushughulikia sampuli".

Vipimo anavyolipia mwajiri au mteja kwa fedha yake haviko kwenye hatari ileile. Shida ni kwamba duka linaloanza na fedha taslimu huja kupokea bima baadaye, na mkataba wa zamani wa kulipana kwa kichwa unaendelea kutumika. Lipaneni kwa saa au kwa huduma iliyofanyika, kwa bei ya soko, kwa maandishi, na mwanasheria wa mambo ya afya ausome. Mwanasheria wa kawaida wa biashara atakuambia mkataba ni mzuri.

Ukuaji wa haraka

Kampuni mama zingine husisitiza mtandao: vituo vya washirika kila mji. Mtandao una faida, na kwa mteja mwenye matawi mengi hauepukiki. Kumbukeni tu Center for COVID Control ya Illinois, ambayo haikuwa fransaizi ya aina hii, lakini ilijitangaza kuwa na vituo zaidi ya 300 vya kuchukulia sampuli. Januari 2022 ilisimamisha kazi, na wanasheria wakuu wa Minnesota na Washington waliishtaki wakidai watu hawakupata majibu au walipewa yasiyo ya kweli. Sampuli ziliendelea kuchukuliwa kwa kasi ambayo kazi ya nyuma, ya kupima na kutoa majibu, haikuweza kuifuata. Kabla ya kuongeza kituo cha nje, hesabu ni watu wangapi dukani kwako wanaofuatilia sampuli ambayo haijafika.

Kabla ya kusaini

Sheria inailazimisha kampuni mama ikupe hati ya ufichuzi siku 14 kabla hujasaini au kulipa chochote. Zitumie siku hizo. Kipengele cha 8 kinaeleza unalazimika kununua huduma kwa nani, na humo utagundua kama wachukuaji wa nje unawachagua wewe au umechaguliwa. Kipengele cha 12 kinahusu eneo lako: mteja wako akipimwa na kampuni inayotembea ndani ya eneo la mwenzako, mapato ni ya nani? Mara nyingine jibu halimo, na ndiyo sababu ya kulidai kwa maandishi.

Kwenye mkataba wako na kampuni ya nje, mimi ningegombania mambo matatu hata kama bei itapanda: wasimfuate mteja wako kwa muda maalumu baada ya mkataba kwisha; jina la duka lako liongezwe kwenye bima yao; na kipimo kikifutwa kwa kosa la mchukuaji wao, wao ndio walipie marudio, pamoja na maabara.

Kipengele cha 20 kina orodha ya wenye maduka waliopo na walioondoka, pamoja na mawasiliano yao. Wapigie walioondoka kwanza. Usiwaulize kama biashara ni nzuri. Waulize walikuwa na kampuni gani ya nje, ilichukua muda gani kufika kwenye ajali ya usiku, na ilipokosea, marudio yalilipwa na nani.